Mwanamke wa San Nicolas: Kitabu cha Watoto na Nyaraka Zake

San Nicolas ni kisiwa kidogo kilicho peke yake katika bahari ya Pasifiki, yapata kilomita 98 kutoka pwani ya California, Marekani. Urefu wake haufiki kilomita 16. Upepo hukipiga karibu mwaka mzima, miti yake ni haba, na mawimbi yanazila kingo zake pole pole. Katika kisiwa hicho mwanamke mmoja aliishi miaka 18, tangu 1835 hadi 1853, baada ya watu wake kupakiwa katika merikebu na kuhamishiwa bara. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo hakuwa na mtu wa kusema naye.

Habari ya mwanamke huyo ndiyo iliyozaa mojawapo ya vitabu vya watoto vilivyosomwa sana nchini Marekani katika karne ya 20. Kitabu chenyewe kinaitwa Island of the Blue Dolphins, yaani Kisiwa cha Pomboo wa Buluu, na mtungaji wake ni Scott O'Dell. Kilitolewa mwaka 1960, na mwaka uliofuata kikapata nishani ya Newbery, ambayo ni tuzo kubwa kuliko zote apewazo mtungaji wa vitabu vya watoto huko. Leo tungependa kuwaomba wasomaji wetu, na hasa wale wenye dhamana ya elimu na utamaduni maofisini, watazame pamoja nasi kitabu hiki na nyaraka zilizokusanywa pembeni yake. Tunaamini kwamba lipo jambo kubwa humo kwa kila mtu aishiye kisiwani.

Kwanza hadithi yenyewe. Binti mmoja aitwaye Karana, mwenye umri wa miaka 12, anamwona nahodha wa Kirusi akifika kisiwani na wawindaji kutoka kaskazini ili kuwinda fisi-maji wa baharini kwa ajili ya ngozi. Makubaliano ya malipo yanavunjwa, mapigano yanazuka ufukoni, na wanaume wengi wa kijiji, akiwamo baba yake, wanauawa. Baadaye inakuja merikebu ya kuwahamisha waliobaki. Karana yumo merikebuni tayari anapogundua kwamba mdogo wake, Ramo, amesahauliwa nchi kavu. Dhoruba inakaribia na nahodha hakubali kurudi. Basi binti anajitosa majini na kuogelea mpaka pwani. Muda si mrefu mbwa mwitu wanamuua yule mtoto, na Karana anabaki peke yake.

Sehemu iliyobaki ya kitabu ni kazi za mikono. Anajenga uzio kwa mbavu za nyangumi, anatengeneza upinde na mikuki ijapokuwa mila za watu wake zinamkataza mwanamke kufanya silaha, anashona nguo kwa manyoya ya ndege mnandi, anapambana na pweza mkubwa, na anajaribu kuvuka bahari kwa mtumbwi unaovuja hata akalazimika kurejea huku pomboo wakimsindikiza. Mbwa aliyekuwa kiongozi wa kundi lililomuua mdogo wake anamjeruhi kwa mshale, kisha anashindwa kummaliza, anamuuguza, na mbwa yule anakuwa mwenzake wa kuzungumza naye. Mwishoni anakataa kuua tena mnyama yeyote kwa ajili ya ngozi. Mtu aliyekulia pwani atazisoma kurasa hizi kwa jicho la ukaguzi, na kwa sehemu kubwa ataridhika. Mtungaji anajua maji yanavyopwa na kujaa, na anajua kwamba mtumbwi unaovuja haubembelezwi.

Hayo hakuyapata vitabuni tu. Scott O'Dell alizaliwa Los Angeles mwaka 1898, na sehemu ya utoto wake aliishi kando ya bahari katika nyumba iliyosimamishwa juu ya nguzo, ambako yeye na watoto wenzake walikuwa wakipanda magogo na kupiga kasia kwa mikono. Hata jina lake lina kisa. Wazazi walimwita Odell Gabriel Scott; mpanga chapa mmoja akaligeuza kwa makosa, naye akaona limempendeza, akalichukua moja kwa moja. Alifanya kazi ya kupiga picha za sinema, akaandika habari za vitabu katika gazeti la Los Angeles, akatunga riwaya za watu wazima. Mwaka 1957 alitoa kitabu cha historia ya kusini mwa California, na katika kukusanya habari zake ndipo alipokutana na kisa cha mwanamke wa San Nicolas.

Mwenyewe amesimulia kwamba aliandika kwa hasira. Kila majira ya kuwinda, wawindaji walikuwa wakija milimani karibu na alikokuwa akiishi na kuua kila kilichotikisika. Hakudhamiria kuandika kitabu cha watoto. Rafiki yake Maud Hart Lovelace, ambaye alikuwa mtungaji wa vitabu vya watoto, ndiye aliyemwambia kwamba alichoandika ndicho hicho. Wakala wake wa kwanza alimshauri ambadilishe yule binti awe mvulana, iwapo anataka kitabu kichukuliwe kwa uzito. O'Dell hakubishana naye. Alikipeleka kwa mchapishaji mwingine kama kilivyo, na kikapokelewa. Alikuwa na umri wa miaka 62 kitabu kilipotoka. Baada ya hapo aliandika vingine vingi, akapata tuzo ya kimataifa ya Hans Christian Andersen mwaka 1972, na akafariki mwaka 1989.

Mpaka hapa tumeeleza habari ambazo mwalimu yeyote mwenye kitabu mkononi angeweza kuzijua. Jambo lililotufanya tushike kalamu ni jingine. Idara ya Hifadhi za Taifa ya Marekani, ambayo inatunza visiwa vitano vya jirani kama hifadhi tangu mwaka 1980, imekusanya pembeni ya kitabu hiki ramani, picha, maelezo ya wataalamu na mafunzo kwa walimu, ili mtoto anayesoma sura fulani aweze papo hapo kutazama mahali penyewe na vitu vyenyewe. Inafaa ieleweke kwamba San Nicolas chenyewe hakimo katika hifadhi hiyo. Ni mali ya jeshi la wanamaji tangu mwaka 1933, na raia wa kawaida hawaruhusiwi kukanyaga. Mtoto wa Kimarekani anayekisoma kitabu hiki hawezi kwenda kukiona kisiwa chake, na ndiyo maana nyaraka hizi zimekuwa na thamani. Aidha, mtaalamu mmoja wa fasihi ya watoto, Sara Schwebel, amekusanya mamia ya makala za magazeti na vitabu vya zamani vilivyosimulia kisa cha mwanamke huyo. Mwaka 2016 alitoa chapa ya kitabu cha O'Dell yenye sura mbili zilizokuwa zimeondolewa kabla ya kuchapwa.

Msomaji anapoziweka nyaraka hizo kando ya riwaya, hadithi inaanza kumgeuka machoni.

Tuchukue mapigano ya ufukoni. Katika kitabu yanatokea muda mfupi tu kabla ya watu kuhamishwa. Katika kumbukumbu, mauaji makubwa yaliyofanywa na wawindaji wa kampuni ya Kirusi yanatajwa mwaka 1814, yaani zaidi ya miaka 20 kabla ya merikebu. Wawindaji wenyewe, ambao kitabu kinawaita Waaleuti, walikuwa hasa Waalutiiq wa kisiwa cha Kodiak huko Alaska. Nao pia ni watu wa visiwani. Kampuni ya Kirusi ilikuwa imeitiisha nchi yao na kuwalazimisha kwenda kuwinda maelfu ya kilomita kutoka kwao, huku wake na wazee wakiachwa nyuma bila ya mtu wa kuwavulia. Kwa hiyo pale ufukoni San Nicolas watu wa kisiwa kimoja waliwaua watu wa kisiwa kingine, na faida ya ngozi ikaenda kwa bwana ambaye hakuwa wa kisiwa chochote kati ya hivyo. O'Dell alilihisi jambo hili kwa mbali, kwa maana alimtia katika hadithi binti wa Kialeuti aitwaye Tutok, ambaye anafanya urafiki na Karana ingawa hakuna anayeijua lugha ya mwenziwe. Lakini mtoto atakayesoma riwaya peke yake atafunga kitabu akiamini kwamba watu wa kaskazini ni wabaya kwa asili yao.

Kisha kuhamishwa kwenyewe. Merikebu iliitwa Peor es Nada, jina la Kihispania ambalo kwa maana ya karibu ni kusema kwamba kukosa kabisa ni kubaya zaidi. Wakati huo California ilikuwa chini ya Meksiko. Mwanamke alipopatikana mwaka 1853, bara lilikuwa limekwisha kuwa jimbo la Marekani, naye hakupata hata habari ya vita vilivyobadilisha bendera. Kwa nini hasa alibaki? Magazeti ya karne ya 19 yalipenda kisa cha mama aliyejitosa baharini kumfuata mtoto wake mchanga. O'Dell akamfanya mama awe dada. Zipo simulizi nyingine zilizoandikwa na mtafiti wa lugha, John Peabody Harrington, kutoka kwa wenyeji wa asili wa pwani ile, nazo zinaeleza kwamba mwanamke alibaki kwa sababu ya mwanawe, wakaishi pamoja kwa muda, hata siku moja kijana akapotea baharini. Katika simulizi hizi kuachwa kwake kunaonekana kuwa uamuzi. Sisi tunaona kwamba tofauti hiyo ni kubwa. Aghalabu anayehamishwa huandikwa kuwa aliokolewa, na anayebaki huandikwa kuwa alisahauliwa, na hao wote wawili hawaulizwi.

Aliyempata ni mwindaji George Nidever wa Santa Barbara na watu wake. Yeye na mwenziwe, Carl Dittman, wameacha maelezo ambayo hayana madoido, na kwa sababu hiyo yanagusa zaidi. Walimkuta ameketi karibu na kibanda chake cha mifupa ya nyangumi, akikwangua mafuta katika ngozi ya sili, amevaa nguo ya manyoya ya mnandi. Alikuwa mtu mzima wa miaka kama 50. Hakukimbia. Aliwapokea kwa uso wa furaha na kuwaandalia chakula, kama afanyavyo mwenye nyumba afikiwapo na wageni. Walikaa naye kisiwani karibu mwezi mzima wakiwinda, naye akiwasaidia kazi, kisha wakasafiri naye bara. Aliwekwa nyumbani kwa Nidever. Watu wa mji walimiminika kuja kumtazama. Wiki saba baadaye, tarehe 19 Oktoba 1853, alikufa kwa ugonjwa wa kuhara damu. Misheni ya Kikatoliki ya Santa Barbara ikambatiza kwa jina la Juana Maria na kumzika katika makaburi yake. Nguo yake ya manyoya inasemekana ilipelekwa Roma, na hapajaonekana alama yake tena. Vitu vyake vingine viliteketea San Francisco katika tetemeko la ardhi na moto wa mwaka 1906.

Lugha yake haikueleweka. Hivyo ndivyo ilivyorudiwa kwa zaidi ya miaka 100: ndiye wa mwisho wa kabila lake, watu wake wote wamekwisha, hakuna aliyeweza kusema naye. Yaliandikwa maneno manne tu ya lugha yake, pamoja na wimbo ambao mmoja wa wawindaji aliushika, ukapokewa na Mchumash mwingine, Fernando Librado, na kunaswa na Harrington katika mashine ya nta mapema katika karne ya 20. Magazeti yalilipenda sana neno hilo la mwisho. Kabila lililokwisha halina wa kudai ardhi, wala wa kuuliza mifupa imepelekwa wapi.

Lakini watafiti waliopekua vitabu vya ubatizo na maziko huko Los Angeles, na kutoa matokeo yao mwaka 2016, walikuta majina ya watu wa San Nicolas walioletwa na merikebu ile. Hawakutoweka baharini wala hawakufa wote mara walipotia mguu bara. Mmoja wao, aliyebatizwa kwa jina la Tomás, aliletwa akiwa mtoto mdogo, na alikuwa hai mwaka 1853. Kutoka Santa Barbara hadi Los Angeles ni kiasi cha kilomita 150. Na katika maandishi ya Harrington mna habari kwamba hata Santa Barbara kwenyewe walikuwapo watu waliofahamiana naye kwa maneno. Hatujui ni kipi kinachotia uchungu zaidi, kufa mgeni bila ya kueleweka, au kufa hali wa kumwelewa yupo, isipokuwa wenye mji hawakumtafuta kwa bidii iliyotosha. Asiyekuwapo na lake halipo, walisema wahenga. Huyu alikuwapo, na lake halikuwapo.

Ardhi nayo imetoa ushahidi wake. Mwaka 2009 watafiti wakiongozwa na Jon Erlandson walikuta kwenye ukingo unaomong'olewa na mawimbi masanduku mawili ya mbao, yamefunikwa kwa ubavu wa nyangumi, na ndani yake zana kiasi cha 200 za mawe, mifupa, kombe na vyuma vya kigeni. Mwaka 2012 Steven Schwartz, mtaalamu wa mambo ya kale wa jeshi la wanamaji, alitangaza kwamba pango lililokuwa limefukiwa na mchanga huenda ndilo alimoishi mwanamke yule. Wakati kazi ya kuchimba inaendelea, kundi la Pechanga la Waluiseño likadai kuwa lina uhusiano na watu wa kisiwa kile, na likapinga uchimbaji. Jeshi likausimamisha. Wako waliosikitika, na kiu yao ya elimu tunaielewa. Hata hivyo tunaona kwamba huko kusimamishwa ni habari muhimu kwa mtoto wa skuli kuliko chochote ambacho kingetoka pangoni, kwa sababu kunampa jibu la lile neno "wa mwisho". Wenye kisiwa wapo, na safari hii wamesikilizwa.

Je, kitabu cha O'Dell kitupwe kwa sababu hiyo? Wapo wahakiki, wakiwamo wenyeji wa asili wa Marekani, wanaokilaumu kwa kuwa Karana wake ni mtu wa kuwaziwa na mgeni. Lawama hiyo ina haki. Mtungaji alipokosa kujua mila alijaza mwenyewe, na watoto wengi wamezichukua hizo kuwa ndizo mila. Lakini bila ya riwaya hii mwanamke yule angalibaki katika magazeti makuukuu, na nani angalihangaika kupekua vitabu vya ubatizo kumtafuta Tomás? Tena hatuwezi kuupuuza upande wa wanyama. Fisi-maji wa baharini waliwindwa mpaka ikadhaniwa wamekwisha California. Mkataba wa mwaka 1911 ukawapa ulinzi, kundi dogo likaonekana tena pwani ya Big Sur mwaka 1938, na kati ya 1987 na 1990 wapatao 140 walihamishiwa San Nicolas. Nao wengi wao hawakukaa. Waliondoka wakaogelea kurudi walikotoka. Hilo lisomwe vyovyote msomaji apendavyo.

Sasa tunawaelekea wenzetu wa maofisini. Katika visiwa vyetu vitabu vya hadithi hugawiwa skuli vikiwa vitabu tu. Mwanafunzi hukisoma, hujibu maswali ya mtihani, hukirudisha. Wakati huo huo, katika makabati ya ofisi za serikali, misikitini, makanisani na majumbani mwa watu, zimelala karatasi, picha, hati za mashamba na kanda za sauti ambazo zingeweza kuwekwa kando ya hadithi hizo, nazo zinaliwa na mchwa na unyevu wa bahari. Mfano tuliouona hauhitaji fedha nyingi. Unahitaji kwanza afisa mmoja wa nyaraka na mwalimu mmoja wa fasihi kukaa meza moja, jambo ambalo kwa uzoefu wetu ni gumu kuliko kupata fedha. Unahitaji pia ruhusa: nyaraka zisiwe siri ya mwenye ufunguo, bali nakala zake zifike darasani.

Tungependekeza kila wilaya ichague hadithi moja tu, iwe ya kitabu au ya mdomo, inayohusu mahali palipo karibu na skuli yenyewe. Wanafunzi waulizwe nani alishuhudia, nani aliandika, aliandika lini, kwa lugha ya nani, na nani hakuulizwa. Wapelekwe kwa wazee wangali na sauti, na sauti hizo zinaswe na kuandikwa tarehe na jina la msemaji, kwa idhini yake. Lugha ya San Nicolas ilibaki maneno manne kwa sababu watu walikuja kumtazama yule mwanamke na hawakukaa kitako na kalamu. Alikuwa nao wiki saba.

Na mwalimu atakayekipata kitabu cha O'Dell, basi aanze na sura ya kwanza, pale Karana anapoeleza kwamba watu wake wana majina mawili, moja la kutumia kila siku na moja la siri. Jina la kweli la mwanamke aliyezikwa Santa Barbara halikuandikwa popote, na mtungaji alilijua hilo alipokuwa akilitunga jina la Karana. Awape watoto dakika chache walifikirie jambo hilo, kabla hajawafungulia ramani.